Jina Letu Katika Kinywa cha Wengine



Kuna neno moja ambalo tumelisikia mara mingi katika mikutano yetu, hapa Kabondo-Dianda na hata kule Kamina. Mmoja wetu akitaka kugusa mambo ya mataifa, mzee anainua mukono na kusema: "Ayo ni mambo ya bakubwa ba Kinshasa. Shiye tuongee juu ya mila yetu." Watu wanapiga makofi, kisha tunarudia kupanga nani atacheza ngoma siku wageni watakapofika.

Neno hilo tunaliheshimu kwa sababu limetoka kwa bazee. Lakini hatulikubali. Namna inchi moja inavyoitendea inchi ingine inatokana, kwa sehemu kubwa, na namna inavyoisikia: hotuba za wakubwa wake, ngoma na kazi za mikono ya watu wake, magazeti na radio zake. Watu wasiojisemea wenyewe, wengine watawasemea, na watawapa jina wanalolitaka. Sisi Baluba wa Katanga tuko na ushahidi wa jambo hilo, na ushahidi huo unauma. Tutaueleza hapa.

Bazee walijua

Tuanze nyumbani. Zamani hakuna mtoto wa Muluba aliyekua bila kusikia habari za Nkongolo Mwamba na Mbidi Kiluwe. Leo tunafundisha sekondari, na tukiuliza katika darasa, mikono inayoinuka ni michache. Basi tukumbushane.

Mbidi Kiluwe alikuwa mgeni, mwindaji wa ukoo wa kifalme kutoka upande wa mashariki, ng'ambo ya Lualaba. Alipofika kwa Nkongolo, alikula kwa kujificha, kwa sababu kwao mfalme haonekani akila. Nkongolo yeye alikula mbele ya watu wote, akicheka kwa sauti. Mwenyeji hakuelewa adabu ya mgeni, na mgeni hakuweza kuvumilia ya mwenyeji. Hawakugombana juu ya mashamba wala mto. Uchungu uliingia kupitia chakula na adabu, na Mbidi akarudi kwao, akimwacha Bulanda, dada ya Nkongolo, na mimba ya Kalala Ilunga.

Tazameni vizuri: ukurasa wa kwanza wa historia ya ufalme wetu ni habari ya inchi mbili zilizoharibu urafiki wao kwa sababu mila ya moja haikuelezwa kwa ingine. Kama hayo si mambo ya mataifa, ni mambo gani?

Na habari inaendelea. Nkongolo alipomwonea kijana Kalala Ilunga wivu, alichimba shimo, akatandika mukeka juu yake, akamwita kijana aje kucheza ngoma. Mupiga-ngoma aliona shimo. Angeweza kunyamaza; mfalme alikuwa pale pale. Lakini aliipiga ngoma kwa namna ya kumwonya, na Kalala Ilunga alikuwa anaelewa ngoma. Akaruka, akakimbia, akavuka Lualaba kwenda kwa baba yake. Aliporudi alikuwa na jeshi, na ufalme ukageuka.

Yule mupiga-ngoma njo mwandishi wa habari wa kwanza wa inchi yetu. Aliona hatari, akaisema, na akaisema kwa luga ambayo mwenye kuhusika aliisikia. Tungepata waandishi wengi wa namna hiyo leo, tungekuwa mbali.

Bazee walijua vilevile kwamba neno linaanza kabla ya kinywa. Mutu aliyefika mbele ya mulopwe alijipaka pemba kifuani na kwenye mikono, akapiga makofi, akajibu "Eyo vidye". Ndipo aliposema yaliyomleta. Leo tunaona hayo kuwa ni mchezo wa kuonyesha watalii. Yalikuwa ni masomo ya ubalozi.

Hotuba za mwaka wa 1960

Sasa twende katika mwaka ambao wazazi wetu hawakuusahau. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, kule Léopoldville, hotuba tatu zilisomwa mbele ya wageni wa dunia nzima. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisifu kazi ya Léopold II. Raisi Kasa-Vubu alisema maneno ya upole. Kisha Patrice Lumumba, ambaye hakuwa katika programu, akasimama na kueleza kazi ya kulazimishwa, matusi, na namna mtu mweusi alivyoitwa "tu", kwa luga ya kumdharau, wakati mzungu aliitwa "vous".

Hotuba ya mfalme iliitwa adabu. Ya Lumumba iliitwa matusi. Nani aliamua? Magazeti ya Ubelgiji na ya rafiki zake. Mtu aliyemsifu Léopold II mbele ya wajukuu wa watu waliokatwa mikono hakuambiwa kwamba amekosa heshima. Aliyekumbusha mateso njo aliyeambiwa vile. Miezi saba haikutimia, Lumumba akauawa, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, hapa hapa Katanga, karibu na Élisabethville. Hatusemi kwamba hotuba peke yake ilimuua. Kulikuwa shaba, kulikuwa Union Minière, kulikuwa vita baridi ya Wamarekani na Warusi. Lakini hotuba ile iliwapa adui zake neno walilolitafuta, na magazeti yakalibeba.

Ilichukua miaka 60 kamili paka mfalme wa Ubelgiji, Philippe, aandike kwamba anasikitika juu ya mateso ya ukoloni. Barua hiyo ilikuwa ya tarehe 30 mwezi wa sita 2020. Mwaka wa 2022 alikuja Kinshasa, akarudia maneno hayo, akaleta kinyago cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, tena kwa mkopo. Mwezi huo huo, kule Brussels, jino la Lumumba likarudishwa kwa familia yake. Ona basi: hotuba, barua, kinyago, jino. Inchi mbili zinaongea kwa vitu hivyo, na bado tunaambiwa mila haiko na kazi katika mambo ya mataifa.

Hapa kwetu, tarehe 11 mwezi wa saba 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Hakuna serikali hata moja iliyomtambua. Lakini Tshombe alielewa nguvu ya gazeti kuliko sisi. Alifungua ofisi ya habari New York, ikiongozwa na Mbelgiji mmoja, Michel Struelens. Mwezi wa kumi na mbili 1961, Wamarekani waliomuunga mkono walinunua nafasi katika gazeti la New York Times ili kuitetea Katanga yake mbele ya watu wao. Huko ng'ambo, Katanga ikawa ni Tshombe, na Tshombe ikawa ni Katanga.

Na sisi wa kaskazini? Sisi tulikuwa na BALUBAKAT ya Jason Sendwe, tulikataa inchi kugawanyika, na tulilipa. Majandarme wa Tshombe, pamoja na maofisa Wabelgiji na kisha askari wa kukodiwa, walipanda huku kwetu, upande wa Bukama na Luena, upande wa Manono, Mitwaba na Kabalo. Vijiji vilichomwa. Mwaka wa 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walijaa katika kambi kule Élisabethville, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Nani alikuwa na ofisi New York juu ya watu hao? Hakuna mtu.

Neno "Baluba" kule Ayalandi

Tufike sasa katika jambo lenyewe. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1960, karibu na Niemba, upande wa Tanganyika, askari 11 wa Ayalandi waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa walifika kwenye daraja lililobomolewa la mto Luweyeye. Mkubwa wao aliitwa luteni Kevin Gleeson. Walikutana na kundi kubwa la Baluba wenye mishale na mapanga. Waayalandi wanasimulia kwamba Gleeson alisogea akasalimia kwa luga ya hapa: "Jambo." Jibu lilikuwa mishale. Watu 9 walikufa, wawili wakapona.

Hatutaficha kitu. Watu wetu waliwaua vijana waliokuwa mbali na mama zao, waliotumwa kuleta amani. Ni damu, na damu haifutwi kwa kueleza. Lakini kueleza ni lazima. Kwa watu wa kule, mzungu mwenye bunduki alikuwa na maana moja tu: aliyekuja kuchoma nyumba. Hakuna aliyepita vijijini kuwaeleza kwa Kiluba kwamba kofia hizi ni za watu wengine. Gleeson alikuwa na neno zuri, lakini neno lake halikutengenezewa njia. Likafika limechelewa.

Majeneza yalipofika Dublin, watu laki na laki walijaa barabarani. Inchi nzima ililia, na haki yao kulia. Magazeti yaliandika "Baluba" kwa herufi kubwa. Na tangu siku zile, kule Ayalandi, neno "Baluba" likageuka tusi. Mtu wa fujo, asiye na adabu, anaitwa baluba. Mtoto mkaidi anaitwa baluba. Watu ambao hawajui Katanga iko wapi walilitumia jina la babu zetu kumtukana jirani.

Tufikiri pamoja, bandugu. Waayalandi nao walitawaliwa na Waingereza, paka mwaka wa 1922 ndipo sehemu kubwa ya inchi yao ilipopata uhuru. Nao waliandikwa katika magazeti ya London kama washenzi na walevi. Katika Ulaya yote, wao njo wangetuelewa mbele ya wengine. Mbona hawakutuelewa? Tunasema wazi: kwa sababu hakuna Muluba aliyewaandikia. Mwaka wa 1962 Conor Cruise O'Brien, Muayalandi aliyeuwakilisha Umoja wa Mataifa katika Katanga, alitoa buku juu ya aliyoyaona. Mwaka wa 2016 ilitoka filamu juu ya askari wa Ayalandi waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, na ilipigwa Afrika Kusini. Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja, wao wanakumbuka Niemba. Na sisi, ambao wafu wetu wa miaka ile hawahesabiki, tumeandika nini? Tumepiga picha gani? Tunakumbuka tarehe gani?

Jina moja, sura mbili

Lakini jina lile lile liko na sura ingine huko nje. Mwaka wa 1996, kule New York, nyumba ya makumbusho ya sanaa ya Afrika ilifanya maonyesho makubwa juu ya Baluba, na neno walilolichagua kutueleza lilikuwa "kumbukumbu". Walionyesha viti vya kifalme, fimbo, mito ya mbao ya kulalia, na zaidi ya yote lukasa: ubao mdogo wenye shanga na kauri, ambao watu wa Mbudye waliusoma kwa kupitisha kidole, wakitaja wafalme, safari, mito na makatazo. Wataalamu wa ng'ambo wanaandika kwamba Baluba ni watu waliojua kuhifadhi historia bila karatasi.

Basi, katika dunia ile ile, Muluba ni mshenzi kwa mmoja na ni mtu wa akili kwa mwingine. Tofauti ilitoka wapi? Upande mmoja gazeti lilisema juu yetu. Upande mwingine mikono ya babu zetu ilisema yenyewe, kupitia ubao. Kazi ya fundi wa Kiluba asiyejulikana jina ilitutetea kuliko mabalozi wote waliotumwa tangu 1960. Tena huzuni ni hii: mtoto wa Kabondo-Dianda akitaka kuona lukasa kwa macho yake, ni rahisi zaidi aitafute Brooklyn au Tervuren kuliko hapa.

Kinywa chetu nacho

Kabla ya kuwashitaki Waayalandi, tujipime. Sisi vilevile tumewapa wengine jina.

Mwaka wa 1992 na 1993, Katanga ikiitwa bado Shaba, gavana akiwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama chenye nguvu kikiwa UFERI, ndugu zetu waliotoka Kasai waliitwa "bilulu", wadudu. Neno lilianza katika mikutano, likaingia sokoni, likaingia hata katika masomo. Mdudu hajadiliwi, anafukuzwa. Maelfu na maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stasio wakingoja treni, watoto wakafa njiani. Treni hizo zilipita reli hii yetu, zikielekea Mwene-Ditu. Tuliokuwa vijana wakati ule tuliziona. Wengine wetu walichota maji wakawapelekea. Wengine walicheka. Na waliofukuzwa walikuwa watoto wa Nkongolo yule yule na Ilunga yule yule.

Mwaka mmoja baadaye, kwa jirani yetu Rwanda, radio ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", mende. Angalieni: bilulu kwetu, mende kwao. Baada ya neno yalikuja mauaji, na baada ya mauaji zaidi ya watu milioni moja walivuka mpaka kuingia kwetu katika mwezi wa saba 1994. Mwaka wa 1996 vita ikawafuata, na Kongo ya mashariki haijapumzika tangu siku hizo. Mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wa radio na gazeti hilo la chuki mwaka wa 2003, ikithibitisha kwamba maikrofoni inaweza kuua. Atakayesema tena kwamba maneno ni upepo tu, tumpeleke Goma aulize.

Kupiga kelele na kunyamaza

Kuna watakaotuambia: "Bwana mwalimu, dunia inasikia paka nguvu." Tunajibu kwa mifano miwili. Mwezi wa kumi na mbili 2023, katika kampeni kule Bukavu, raisi wetu Tshisekedi alimfananisha Kagame na Hitler. Watu walishangilia. Lakini sisi tunauliza: ni mtu gani wa ng'ambo aliyeelewa mateso ya Masisi na Rutshuru kwa sababu ya neno hilo? Dunia ilizungumza juu ya tusi, ikaacha habari yenyewe.

Miezi miwili baadaye, tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kule Abidjan, vijana wa Léopards walisimama kuimba wimbo wa taifa kabla ya kucheza na Côte d'Ivoire. Walifunika vinywa kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa sawa bunduki. Hawakutukana mtu. Mchezo tulishindwa bao moja kwa sifuri, lakini picha hiyo ilizunguka dunia, na watu waliouliza "maana yake ni nini?" walipata jibu: tunauawa na ninyi mnanyamaza. Hiyo njo adabu ya pemba, imerudi kupitia mupira. Mwili ulisema kabla ya kinywa.

Rwanda yenyewe ilielewa siri hii mapema, ikaandika "Visit Rwanda" kwenye nguo za Arsenal tangu 2018. Mwanzo wa 2025, Goma ikiwa imeanguka mikononi mwa M23, serikali yetu iliandikia timu za Ulaya kuziomba zivunje mapatano hayo, kisha mwaka huo huo ikanunua nayo jina lake kwenye nguo za Barcelona. Hatusemi ni vibaya. Tunasema kwamba nguo inayonunuliwa inaisha siku feza inapoisha. Lukasa haikununuliwa, na bado inasema.

Tufanye nini?

Najua mutasema: sisi ni watu wa mihogo na reli, umeme hatuna, nani atatusikia? Mupiga-ngoma wa Nkongolo naye alikuwa na ngoma tu.

Kwanza, kila masomo ya sekondari ya huku yatume wanafunzi wa kalasi za mwisho kwa bazee walioona mwaka wa 1960. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule ameshapita sabini na tano. Tukingoja mradi wa Kinshasa, tutawazika na habari zao. Karatasi, kalamu na telefone vinatosha.

Pili, radio zetu za hapa zikatae majina ya wadudu na ya nyama, hata katika mzaha, hata mteja akilipa, hata akiwa ni ndugu yetu, hata akiwa ni mukubwa.

Tatu, wageni wakifika, ngoma isichezwe bila maneno. Anayecheza aeleze ni ngoma ya nini, ya nani, na inakataza nini. Mila isiyoelezwa, tumeona kwa Nkongolo inapofikisha watu.

Nne, na hili njo tunalolitaka zaidi: mwezi wa kumi na moja ujao, wakati wa Ayalandi watakapokuwa wanakumbuka wafu wao, shirika letu liwaandikie barua. Kwa Kiluba na Kiswahili, na tafsiri chini yake. Tuwape pole kwa vijana wao tisa. Tuwaeleze vijiji vyetu vilivyochomwa na watu wetu waliolala katika kambi. Tuwaambie Muluba ni nani, lukasa ni nini, na tuwaombe, kwa upole wa watu ambao nao walidharauliwa zamani, waache kulitumia jina letu kama tusi. Barua hiyo haihitaji waziri wala balozi.

Na ianze kwa neno lile ambalo kijana wao alilisema kwenye daraja la Luweyeye na halikupata jibu. Ianze kwa "Jambo". Limekaa miaka zaidi ya sitini likingoja tuliitikie.